Kiraka na Vazi Kuukuu

Dominika kabla ya Jumatano ya Majivu (Mk 2:18-22)



Jumatano ijayo tutapakwa majivu. Tutasomewa nabii Yoeli kama ilivyo desturi, naye atatutaka tuyaache mavazi yetu yakiwa mazima, tuipasue mioyo. Kwa kuwa nabii mwenyewe amegusa habari ya nguo, sisi leo tumeona vema kukaa kwanza kwenye nguo, kabla ya kufika moyoni. Tumeichagua Injili ya Marko, sura ya 2, aya ya 18 hadi 22. Bwana wetu anaulizwa habari ya kufunga, naye katikati ya majibu yake anazungumzia kiraka.

Waamini wengi hawaisikii Injili hii siku ya Dominika. Imepangwa katika Dominika ya 8 ya Mwaka B, na aghalabu Kwaresima huanza kabla Dominika hiyo haijafika, ikamezwa. Husomwa siku ya kazi, Jumatatu ya juma la pili la mwaka, saa ambayo wengi wenu mpo shambani. Hata makatekista wanaoifundisha hukimbilia divai na viriba, maana divai hunoga katika mahubiri, na kiraka hukipitia kwa sentensi moja. Nasi tulifanya hivyo miaka mingi.

Bwana anasema nini? Kwa ufupi, kwamba mwenye akili hachukui kitambaa kibichi, ambacho hakijapata maji, akakishonea juu ya nguo iliyochakaa. Siku ya kufua, kile kipya kitajivuta, kitaing'oa ile nguo, na tundu litakuwa baya kuliko lilivyokuwa. Neno la Kigiriki alilolitumia Mwinjili lina maana ya kitambaa ambacho bado hakijapita mikononi mwa dobi. Mathayo, katika sura ya 9, analo neno hilohilo. Luka, katika sura ya 5, anaongeza jambo lake: mtu wake anakikata kiraka kutoka katika nguo mpya, na hivyo anaharibu nguo mbili kwa mkasi mmoja.

Tumewahi kuwasikia wahubiri wakisema kwamba hapa Bwana anavidharau viraka, kwamba kwake vyote vya kale ni vya kutupwa. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayeidharau nguo kuukuu hajali ikichanika zaidi. Huifanya tambara la kudekia, basi. Bwana anajali. Anaiangalia ile nguo iliyochakaa kama anavyoiangalia mama mwenye watoto sita, akiwaza namna ya kuifikisha Pasaka. Aliyesema maneno haya alilelewa Nazareti, katika nyumba ya fundi, na hatuna shaka kwamba aliiona sindano ikifanya kazi jioni. Wala vazi kuukuu si dini ya Wayahudi, kama wengine wanavyofundisha kwa haraka. Bwana mwenyewe alivaa vazi la Kiyahudi lenye pindo, na katika sura ileile ya 9 ya Mathayo, aya chache tu baada ya habari ya kiraka, mwanamke mgonjwa aligusa upindo huo akapona.

Sisi tulijifunza kushona katika seminari ndogo, katikati ya miaka ya 1980. Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka hiyo. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka. Viwanda vyetu vya nguo, kama kile cha Urafiki kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968, vilikosa vipuri. Doti moja ya khanga ilipangiwa foleni. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, na madukani kukaanza kuonekana vitu, lakini mifukoni mwa wazazi wetu hakukuwa na kitu. Tulikwenda shuleni na soksi pea mbili kwa mwaka mzima. Hapo ndipo alipotuchukua Bruda mmoja mzee, Jumamosi baada ya kufua, akatukalisha chini ya mwembe.

Alimpa kila mmoja sindano nene, uzi wa pamba, na balbu ya taa iliyoungua. Balbu huingizwa ndani ya soksi hadi kisiginoni, ili tundu likae wazi juu ya kitu cha mviringo, na sindano isiukamate upande wa pili. Aliyekosa balbu alitumia kibuyu kidogo. Mwenzetu mmoja alitumia limau, na soksi zake zilinukia vizuri kuliko za wote.

Ndipo tulipoanza kutililia, yaani kufuma upya kwa sindano mahali palipoliwa. Sindano haianzii ukingoni mwa tundu. Pale ukingoni nyuzi zimekwisha kulegea, na uzi mpya ukifungwa hapo huondoka nazo. Sindano huanzia mbali kidogo, upana wa kidole, mahali ambapo kitambaa bado ni kizima. Hupita juu na chini, ikavuka tundu hewani, ikaingia katika uzima wa upande wa pili, kisha ikarudi. Nyuzi zote zikikwisha kulala upande mmoja, sindano hugeuka na kuzikata kwa kupita juu ya mmoja na chini ya wa pili, kama afanyavyo msukaji wa mkeka. Na kila inapogeuka mwishoni mwa mstari, huachwa kitanzi kidogo, kilegevu, ambacho kwa macho ya mtoto ni uvivu mtupu. Sisi tulikaza. Tulidhani kukaza ndiko kushona. Bruda alizichukua soksi zetu, akafumua kazi ya saa nzima bila huruma, akasema: "Uzi huu haujaoga bado. Ukioga utajikunja. Uachieni nafasi."

Kuhusu suruali alikuwa na sheria kali zaidi. Kiraka hufuliwa kwa maji ya moto kabla ya kushonwa, tena mara mbili. Hukatwa kikubwa kuliko tundu, kifike penye kitambaa kizima pande zote nne. Nyuzi zake zilale kufuata nyuzi za nguo, maana kiraka kilichokaa mshazari huivuta suruali nzima upande. Na kiraka bora kuliko vyote, alisema, hakitoki dukani. Hukatwa kutoka ndani ya nguo yenyewe, katika upindo mpana au mfuko wa nyuma, kwa sababu kipande hicho kimefuliwa siku zilezile na kuanikwa kwenye jua lilelile. Aliposhona hivyo ulilazimika kuinama ili uone palipokuwa pamechanika.

Miaka mingi baadaye, tukiwa seminari kuu na vitabu vya ufafanuzi wa Maandiko mezani, tulisoma juu ya lile neno la Kigiriki na la dobi, tukacheka peke yetu maktabani. Bruda alikuwa ametufundisha aya ya 21 kwa balbu ya taa.

Tulieleze hili, kwa sababu ndilo linalotuhusu wiki hii. Mungu alipoona vazi la wanadamu limechanika, hakuturushia kiraka kipya kutoka mbinguni. Mwanae alitwaa mwili ulio wa kitambaa chetu. Akafanya kazi miaka thelathini kijijini, akapigwa na jua letu. Kisha, kabla hajagusa jeraha la mtu yeyote, alishuka Yordani katika maji yaleyale waliyooshewa watoza ushuru. Alipotushika, hatukuchanika. Linganisheni na namna tunavyorekebishana sisi katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Mume na mke wameteta. Anakuja mzee ambaye hajawahi kukiri kosa lolote nyumbani kwake, naye anabandika mawaidha yake mapya juu ya ndoa iliyokwisha kuwa nyembamba, akakaza. Siku ya kwanza panapendeza. Mvua ya kwanza ikinyesha, mke anarudi kwao. Wazee wa jumuiya watushangaa kwa nini. Tungekuwa na uwezo, tungewapeleka kwanza wote wakatililie soksi, na mapadre vijana wawe mstari wa mbele.

Sasa tuseme kidogo juu ya nguo za siku hizi, maana tunajua kuna wanaosema moyoni, Padri anazungumza habari za kale. Mwende gulioni Mikumi. Pale njia kuu ya kutoka Morogoro inapokwisha kuvuka Hifadhi, na njia ya Ifakara inapochepuka, mtaona maturubai yametandazwa na marobota yamefunguliwa. Nguo zimelala vilima vilima. Watu huziita nguo za Ulaya, na watani wetu huuliza kama ni Ulaya ile tunayoipita sisi tukitoka Kilosa kwenda Mikumi. Hapana, si hiyo. Kijiji chetu cha Ulaya hakijatupa nguo za mtu. Kule ng'ambo shati huvaliwa mara chache, kisha hutolewa. Hapa kwetu linanunuliwa kwa bei ya chakula cha siku moja, na likikatika kifungo tu tunalitupa nasi, tunakwenda gulioni tena.

Hatuwalaumu wauzaji wa mitumba. Wamesomesha watoto kwa kazi hiyo, na wengi wetu tulivaa viatu vya kwanza vya maana kutoka kwao. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizo sokoni hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za biashara, na mwaka 2018 ni Rwanda peke yake iliyoshikilia msimamo, nayo ikapoteza nafuu hizo kwa nguo zake. Mambo hayo ni ya wenye mamlaka. Linalotusumbua sisi ni dogo zaidi: kijana wa miaka kumi na saba anayejua kuendesha bodaboda usiku kwenye tope, lakini hajui kutunga uzi katika sindano, na anaona ni aibu kujua. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya juu ya utamaduni wa kutupa, akaonyesha kwamba anayezoea kutupa vitu hafiki mbali kabla ya kuanza kuwatupa watu. Bibi zetu wa Kisagara na Kikaguru hawakuusoma waraka huo. Walikuwa na khanga iliyoanza kama vazi la harusi, ikawa mbeleko, ikawa taulo la jikoni, na mwisho ikawa kata ya kuwekea ndoo kichwani.

Hata hivyo tusiusifu umaskini. Kiraka cha miaka ile hatukukipenda. Tulikivaa kwa kuwa hapakuwa na kingine. Padri anayewasifia watu viraka vyao huku kabati lake limejaa ni heri anyamaze. Tunalisema hili tukijiangalia wenyewe.

Wakazi wa Kilosa mnaukumbuka mwisho wa mwaka 2009. Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maji yakaingia mjini, na mafuriko yakaendelea hadi Januari 2010. Reli ya Kati ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema. Leo anayepita Kilosa kwa treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, akaingia katika mahandaki kuelekea Dodoma, hawezi kudhani kwamba bonde lile lilikuwa ziwa. Tulikwenda kwenye mahema pamoja na akina mama wa WAWATA, tukiwa na unga, maharage, mablanketi na magunia ya nguo. Tuligawa kwa zamu. Ilipofika zamu ya mama mmoja mtu mzima, aliangalia lile gunia, akasema: "Baba, asante. Nguo ninazo, ziliokotwa zimechanika. Mna sindano?"

Hatukuwa na sindano. Katika mizigo yote ile, ya shirika gani na ya parokia gani, hapakuwa na sindano wala uzi. Tulimpa blauzi. Aliipokea kwa heshima, akaenda nayo, nasi tulijua kwamba hatukumpa alichoomba. Kesho yake mwenyekiti wa WAWATA alinunua sindano pakiti tano na rili za uzi mweusi na mweupe. Mbele ya hema la yule mama pakawa na msururu kuliko kwenye unga. Alishona sare za shule za watoto ambao shule yenyewe ilikuwa ndani ya maji.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, katika Kanuni aliyoandika mwaka 1223, aliwaruhusu ndugu zake kuzitia nguo zao viraka vya gunia na vya vipande vingine, tena akasema wafanye hivyo kwa baraka ya Mungu. Kanzu yake inatunzwa Asizi hadi leo. Wataalamu wa vitambaa walioichunguza waliona kwamba baadhi ya viraka vyake vilikatwa kutoka katika joho la Mtakatifu Klara. Maana yake Klara alipunguza lake ili la Fransisko lidumu. Wakapuchini, tunaowafahamu tangu Mahenge hadi Dar es Salaam, ni wana wa mtu huyo.

Tumebakiza jambo moja, nalo ni zito kwetu kulisema mbele ya kipaza sauti.

Mwaka wa pili wa upadre wetu tulikuwa paroko msaidizi mahali ambapo hatutapataja. Halmashauri ya parokia ilipanga kwamba watoto wa Komunyo ya Kwanza wavae mavazi meupe, mapya, ili kumpa Bwana heshima. Tuliona ni jambo jema, tukatia sahihi. Jumamosi ya mazoezi, mtoto mmoja wa kiume alikuja na shati lililopunguzwa kutoka la baba yake. Kola ilikuwa imefumuliwa na kugeuzwa, upande uliochakaa ukalala chini. Begani palikuwa na kiraka, cheupe, ila si weupe ule ule. Ilikuwa kazi ya mikono inayojua kazi. Sisi, tuliofundishwa chini ya mwembe, tulipaswa kuwa mtu wa kwanza kuiona. Tulimwambia katekista amweleze mtoto kwamba asubiri mwakani, wazazi wakijaliwa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Alimshika mkono mwanawe, akatuamkia, wakaondoka. Mwakani hawakuja.

Miaka ilipita, tukahamishwa mara tatu. Siku moja, tukiwa safarini, mfuko wa kanzu yetu ulichanika Mikumi, tukatafuta fundi cherehani. Tulielekezwa kwenye baraza ya duka, kwa kijana mwenye cherehani ya kukanyaga. Aliipokea kanzu, akaigeuza, akakata kipande ndani ya upindo wake yenyewe, akakishona mfukoni. Tukamsifu. Akasema, "Shikamoo Padri. Mimi ninakufahamu," akaitaja ile parokia na ule mwaka.

Siku ile tulilipa tukaondoka. Tunakiri kwamba tulikimbia. Wiki iliyofuata tulirudi kwa ajili hiyo tu, tukaketi kwenye benchi la wateja, tukamwomba msamaha. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Mimi nilikuwa mtoto, Padri," alisema. "Siku ile nilikwenda kucheza mpira. Aliyeshona lile shati ni mama. Alishona usiku mbili, kwa kibatari." Tukauliza mama yuko wapi, ili twende. Akasema walimzika miaka minne iliyopita, na kwamba tangu siku ile ya mazoezi hakurudi kanisani.

Hatukuwa na la kusema. Tulitaka kusema mengi, na yote yalikuwa mapya mno, hayajapita kwa dobi. Tulinyamaza tukabaki pale mpaka alipomaliza suruali aliyokuwa akiishona.

Mama huyo tumemtolea Misa, naye mwanawe tulimjulisha siku na saa. Hakuja. Sasa kila tunapopita Mikumi tunampelekea kazi: kanzu, mashuka ya nyumba ya mapadre, na mara moja soksi, ambazo alizicheka kwa sababu aliona tumejaribu wenyewe kwanza. Hutukaribisha kwenye benchi. Huuliza habari za safari. Hutengeneza vizuri, hutoza bei ileile anayowatoza wengine, nasi tunalipa na kusubiri chenji.

Tumsifu Yesu Kristo.